Uchambuzi wa kisa: Siku 90 za Jerry na Lucy, yaani jinsi The Awful Truth ilivyowarudisha waliotalikiana bila ajali wala machozi

Kwa nini kisa hiki

Kuna tatizo moja nakutana nalo kila mara nikisoma skripti za mapenzi na naamini wengi mnaoandika mnalijua: watu wameachana, talaka imetoka, mtazamaji anataka warudiane, sasa wanarudianaje? Wengi wanakimbilia hospitali. Mmoja anagongwa na gari au mtoto anaugua, mwenzake anakaa pembeni ya kitanda analia, yameisha. Hivi karibuni nimeletewa skripti ya aina hiyo (mwandishi, mji na majina ya wahusika nimeyatoa ili asijulikane), maongezi matamu kabisa, watu wanaongea kama watu, ila ikifika kurudiana tu mume anapata ajali na mke anasahau yote yaliyomfanya afungashe. Nikamuuliza, huyu bwana akishapona na kurudi nyumbani, lile lililowaachanisha liko wapi? Kimya.

Kwa hiyo badala ya kumwandikia maoni marefu nimeona tukae wote na kisa kimoja cha kweli ambacho watu walikutana na tatizo hilo hilo, wakiwa na skripti mbovu, staa anayetaka kukimbia na studio inayohesabu kila dola, na wakalitatua vizuri kiasi kwamba Hollywood nzima ikaiga. Ni muvi ya mwaka 1937 inaitwa The Awful Truth. Majina ya watu wa umma nitayataja kwa sababu kazi yao inajulikana. Ambaye hajaiona nitamsimulia mpaka mwisho, mtanisamehe, uchambuzi hauendi bila mwisho.

Usuli

Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Ilianza kama mchezo wa jukwaani wa Arthur Richman, New York, 1922. Ikafanywa muvi bubu 1925, ikafanywa tena ya sauti 1929. Kwa hiyo 1937 studio ya Columbia ilipoitoa kabatini ilikuwa inapika kiporo, na kila mtu alijua.

Dairekta alikuwa Leo McCarey. Huyu alikulia kwenye vichekesho vifupi vya studio ya Hal Roach na ni mmoja wa watu waliowaunganisha Laurel na Hardy wakawa pea, halafu 1933 akawaongoza wachekeshaji Marx Brothers kwenye muvi ya Duck Soup. Mwaka huo huo wa 1937 alikuwa ametoka kutengeneza Make Way for Tomorrow, habari ya wazee wawili wanaopoteza nyumba, watoto wao wanawagawana, mmoja huku mwingine kule, na mwisho wanaagana stesheni ya treni. Hakuna kurudiana, hakuna muujiza. Muvi haikuuza, Paramount wakaachana naye. Hilo likumbukeni, maana mtu aliyeingia Columbia kutengeneza komedi ya talaka alikuwa ametoka tu kuwatenganisha wazee wanaopendana, na kazi ilikuwa imemponyoka.

Mke akapewa Irene Dunne, mwigizaji mwenye sauti ya kuimba hasa, 1936 alikuwa kwenye Show Boat na mwaka huo huo akaonyesha kwamba komedi anaiweza. Mume akapewa Cary Grant, miaka 33, Mwingereza wa Bristol aliyeanzia kwenye vikundi vya sarakasi na vichekesho vya jukwaani, ameshaonekana kwenye muvi nyingi lakini bado hajawa yule Cary Grant tunayemjua. Mchumba mpya wa mke akapewa Ralph Bellamy. Bosi wa studio alikuwa Harry Cohn, mtu mkali, studio yake haikuwa na hela za kuchezea kama wale wakubwa.

Mambo mawili ya nje lazima tuyajue. La kwanza ni sheria ya talaka. New York ya wakati ule sababu ilikuwa moja tu, uzinzi, na ilibaki hivo mpaka mageuzi ya 1966. Mwenye hela alikuwa anapanda treni kwenda Reno, Nevada, ambako tangu 1931 ukikaa wiki 6 unapata talaka yako. Kwa hiyo watazamaji walikuwa wanaijua talaka kama safari, kama biashara, na kama aibu, vyote kwa pamoja. La pili ni kanuni za maadili za Hollywood, ambazo kuanzia katikati ya 1934 zilisimamiwa kwa nguvu na ofisi ya Joseph Breen. Ndoa isidharauliwe, uzinzi usipambwe, chumbani kusionyeshwe mambo. Sasa jaribu kuandika komedi kuhusu mke na mume wanaoshukiana kulala nje, chini ya kanuni hizo.

Kilichotokea kwenye seti

Kiangazi cha 1937 waigizaji wanafika kazini, skripti hakuna. Kwa maana ya karatasi ilikuwepo, na kwenye orodha ya waliofanya kazi jina ni la Viña Delmar, ila McCarey hakuifuata. Alikuwa anakuja asubuhi na mawazo aliyoyaandika kwenye vipande vya karatasi, anawaambia waigizaji wewe ingia pale, wewe sema kitu kama hiki, tuone. Akikwama anakaa kwenye piano anapiga mpaka wazo lije, watu wote wamesimama wanamsubiri.

Bellamy alisimulia baadaye siku yake ya kwanza ilivyokuwa. McCarey akamuuliza Dunne kama anajua piano, akasema kidogo tu. Akamuuliza Bellamy kama anajua kuimba, akasema hapana kabisa. Basi safi, piga wimbo wa Home on the Range na wewe uimbe. Wakafanya, Bellamy anaimba na lafudhi ya Oklahoma, anapotea noti bila wasiwasi, Dunne anapiga huku anamwangalia. Wakadhani ni majaribio. McCarey akasema kata, na sini hiyo iko kwenye muvi mpaka leo.

Grant yeye alichanganyikiwa. Mtu aliyezoea kuandaliwa kila kitu anaambiwa ingia mlangoni tu utajua cha kufanya. Inasimuliwa kwamba alimwandikia Cohn maelezo marefu ya kurasa kadhaa kueleza kasoro za picha hii, akaomba abadilishane nafasi na Bellamy, na hata akasema yuko tayari kulipa dola 5,000 ili aachiwe aondoke. Cohn hakumwachia. Ndani ya siku chache, watu waliokuwepo wanasema, akaanza kuona kinachotafutwa, akalegea, na pale ndipo alipozaliwa yule Grant wa miaka 30 iliyofuata. Wengi wamesema pia kwamba vile anavyosimama, vile anavyoinua nyusi na kuguna badala ya kujibu, alivichota kwa McCarey mwenyewe.

Kilichotokea kwenye hadithi

Jerry Warriner anaanza muvi kwenye klabu ya wanaume, amelala chini ya taa ya kuchoma ngozi, kwa sababu amemwambia mke wake alikuwa Florida wiki mbili na hawezi kurudi mweupe. Anafika nyumbani na marafiki na kikapu cha machungwa ya zawadi, mke hayupo. Mke, Lucy, anaingia baadaye na gauni la jioni la jana, nyuma yake mwalimu wake wa kuimba, Armand, kijana mtanashati, wanaeleza kwamba gari liliharibika wakalala nyumba ya wageni. Jerry anaanza kuhutubia kuhusu kuaminiana kwenye ndoa. Lucy anachukua chungwa moja anamrushia. Limepigwa muhuri wa California.

Nawaomba mliangalie hilo chungwa vizuri. Hakuna mtu aliyesema umenidanganya, hakuna kelele. Kitu kidogo kinaruka hewani, kinadakwa, na ndoa imeisha.

Wanaenda mahakamani, na kesi inayobishaniwa ni ya mbwa, anaitwa Mr. Smith (mbwa huyo ni Skippy, yule aliyecheza mbwa Asta kwenye muvi ya The Thin Man ya 1934). Hakimu anaamua mbwa achague mwenyewe, Lucy anamwonyesha kichezeo alichokificha, mbwa anakwenda kwake. Jerry anapewa haki ya kumtembelea. Na hakimu anatoa hukumu: talaka itakamilika baada ya siku 90.

Lucy anahamia kwa shangazi yake Patsy, na jirani wa ng'ambo ya korido ni Dan Leeson, tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma anayeishi na mama yake. Mtu mwema, mkweli, mzito. Anamchumbia. Jerry anakuja kumtembelea mbwa, na kila akija anaharibu kitu. Wanakutana klabu ya usiku, Jerry yuko na msichana anayeimba wimbo ambao kila ukifika mahali fulani upepo unarusha gauni lake juu, aibu imewajaa wote mezani, halafu Dan anamchukua Lucy kucheza, anamtikisa kama anapura mpunga, na Jerry anakwenda kumpa kiongozi wa bendi pesa ili wimbo urudiwe.

Baadaye Dan anakuja kumsomea Lucy shairi alilomwandikia, na Jerry amejificha nyuma ya mlango, Dan hamwoni, anamtekenya Lucy na penseli. Mchumba anasoma mapenzi yake, mwanamke anacheka, na anayemchekesha ni mume.

Jerry akadhani Lucy yuko na Armand, akavamia studio ya mwalimu, kumbe kuna watu wamekaa wanasikiliza, Lucy anaimba mbele yao. Jerry anakaa kimya kwenye kiti cha nyuma kujifanya mstaarabu, anakiegemeza, kiti kinateleza, anaanguka na meza ndogo juu yake, droo inamwagika. Lucy hasimamishi wimbo. Anamwona, na noti yake ya mwisho kabisa inageuka kicheko kidogo, cha sauti ile ile, ndani ya muziki, halafu wimbo umeisha. Ninavyoona mimi hapo ndipo waliporudiana. Saa nzima inayofuata (kwa hesabu ya hisia, sio ya dakika) ni wao kukubali kile ambacho kicheko kimeshasema.

Lucy anamwita Armand aje amthibitishie Jerry kwamba hakuna kilichotokea, Jerry anafika mapema, Armand anafichwa chumbani, kofia yake inabaki, Mr. Smith anadhani ni mchezo wa kuficha na kutafuta anaileta kofia mbele, Lucy anaificha, mbwa anaileta tena, Jerry anaivaa na inamshuka mpaka masikioni na bado anashangaa kofia yangu imekuwaje. Dan na mama yake wanabisha hodi, Jerry naye anaingia chumba kile kile, kelele za ngumi, halafu wanaume wawili wanatoka mbio mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Uchumba umekufa.

Sasa zamu inageuka. Jerry amechumbia binti wa familia kubwa, watu wa makasri. Lucy anajitokeza nyumbani kwao, anajiita Lola, dada wa Jerry, amevaa vibaya makusudi, amelewa au anajifanya, anaongea vya mtaani, na anawaimbia ule wimbo wa msichana wa klabu, akifika pale pa upepo anaonyesha kwa kiuno tu. Jerry amesimama pembeni, anatakiwa aone haya, lakini mdomo unamcheza. Wanaondoka pamoja, gari linaharibiwa (na Lucy), polisi wanawabeba kwenye pikipiki mpaka nyumba ya shangazi Patsy shamba. Usiku ule saa sita talaka inakamilika.

Vyumba viwili, mlango mmoja katikati ambao haufungi vizuri, upepo unausukuma, paka ameulalia. Ukutani kuna saa, kila robo ikigonga wanatoka wanasesere wawili, mwanaume na mwanamke, kila mmoja mlango wake, wanarudi kila mmoja mlango wake. Wanaongea kupitia mlango, maneno ya kuzunguka, mambo ni yale yale lakini sio yale yale. Saa inapogonga mara ya mwisho, mwanasesere wa kiume anageuka anaingia mlango wa mwanamke. Mwisho.

Maamuzi na sababu zake

*Saa kabla ya sababu.* Uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye ujenzi ni zile siku 90. Bila hizo hii ni hadithi ya watu wawili walioachana wanaokutana kutana. Pamoja nazo, kila ziara ya kumwona mbwa ni siku imepungua. Kwa msomaji wa pwani hili wala halihitaji maelezo, ni eda kabisa: kwenye talaka rejea mume anaweza kumrejea mkewe eda haijaisha bila ndoa mpya, ikiisha mlango umefungwa mpaka nikaha na mahari upya, na kila familia ina kisa cha mtu aliyekuja kubisha hodi siku za mwisho mwisho. Tofauti yake hapa ni kwamba hakuna mmoja mwenye neno la kurejea peke yake. Ndo maana hadithi imekatwa vipande viwili vinavyofanana, kwanza mume anaharibu uchumba wa mke, halafu mke anaharibu uchumba wa mume. Kila mmoja anadhihirisha kwamba anataka. Waandishi wengi wanampa mmoja tu kazi ya kufuatilia, mwingine anakaa anangoja kusamehe, na tunamchoka.

*Kanuni zikatumiwa badala ya kukwepwa.* Hili nalipenda sana. Breen na ofisi yake wasingeruhusu waliotalikiana walale nyumba moja na mtazamaji aelewe kinachofuata. Lakini mpaka saa sita usiku hawa ni mke na mume halali! Sheria ya talaka ndo inawapa ruhusa. Saa ya ukutani inafanya kazi tatu kwa mpigo, inahesabu muda, inachekesha, na inaingia chumbani kwa niaba ya kamera. Aliyesema kanuni zinaua ubunifu akae na dakika hizo kumi za mwisho.

*Ukweli wa usiku ule hauonyeshwi.* Je, Lucy na Armand walilala pamoja? Muvi haituonyeshi. Inatuachia neno la Lucy tu. McCarey angeweza kuweka sini moja ya nyumba ya wageni tuone kila mtu na chumba chake, akakataa, na alikuwa sahihi, kwa sababu ukionyesha ushahidi Jerry anarudi kwa sababu ya ushahidi. Hapa inabidi arudi akiwa hana hakika. Ndo kuaminiana kule alikokuwa anahutubia mwanzoni bila kukujua.

*Kuacha skripti.* Watu wanaliona hili kama wazimu wa msanii. Naliona kama uamuzi wa kiufundi. Mtu aliyeoana na mwenzake miaka kadhaa ana namna ya kumkatiza maneno, ya kumaliza sentensi yake, ya kucheka kabla utani haujafika. Hiyo haiandikiki kirahisi. McCarey akawaweka Grant na Dunne mahali ambapo hakuna anayejua mwenzake atasema nini, ikabidi waangaliane kweli kweli. Angalia macho ya Grant wakati Dunne anacheza Lola, ni mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza na anajizuia asicheke.

Matokeo

Muvi ilitoka Oktoba 1937 na ikauza sana. Ikatajwa kuwania Oscar 6, pamoja na ya picha bora, Dunne mwigizaji bora wa kike, Bellamy msaidizi. McCarey akashinda ya uongozaji, na akasema pale pale kwamba wamempa kwa picha isiyo sahihi, alitaka iwe ya wale wazee wa Make Way for Tomorrow. Mwaka 1996 iliwekwa kwenye hifadhi ya taifa ya filamu ya Marekani.

Grant na Dunne wakaunganishwa tena kwenye My Favorite Wife ya 1940, McCarey alitakiwa aiongoze akapata ajali ya gari, ikaongozwa na Garson Kanin. Mwaka huo huo Grant akacheza mume aliyeachwa anayemvuruga mkewe wa zamani kwenye His Girl Friday, na aliyepewa nafasi ya mchumba mzito ni nani? Bellamy tena. Halafu The Philadelphia Story, tena 1940, tena Grant, tena mtalaka anayerudi. Mwaka 1981 mwanafalsafa Stanley Cavell akaandika kitabu kizima kuhusu muvi hizi za kurudiana akiziona kama aina yake kamili. Haya yote yalianza kupata umbo kwenye ile seti isiyo na skripti.

Ikatengenezwa upya 1953 kwa jina Let's Do It Again, na Jane Wyman na Ray Milland, ikiongezwa nyimbo. Nani anaizungumzia leo?

Kilichofanya kazi

Nikirudi kwenye lile swali la hospitali, jibu la kisa hiki ni kwamba hawakurudiana kwa kuombana radhi. Hesabuni, hakuna sini ya msamaha kwenye muvi nzima. Kuna kicheko cha kwenye wimbo, penseli nyuma ya mlango, ngoma ya Lola. Wanarudiana kwa sababu kila mmoja amejaribu kuishi na mtu mwema asiyecheka anachocheka yeye, na ameshindwa. Dan si mbaya, na hilo ni muhimu mno. Angekuwa mkorofi, Lucy angerudi kwa Jerry kwa kumkimbia Dan. Yule binti wa kasri naye si mbaya. Wapinzani wema wanalazimisha swali liwe la kweli: unamtaka huyu kwa nini hasa?

Na angalieni vitu. Chungwa, kofia, kichezeo cha mbwa, piano, saa. Kila zamu ya hadithi imebebwa na kitu unachoweza kukishika. McCarey alijifunza hili kwenye muvi bubu, ambako huwezi kusema umenidanganya, lazima urushe chungwa. Skripti nyingi ninazozisoma zingekuwa nzuri mara mbili mwandishi akijikataza maongezi kwenye kurasa za mpasuko na kuuliza tu, mkononi wana nini?

Mbwa pia sio pambo. Waliotalikiana bila watoto hawana sababu ya kuonana, Mr. Smith ni sababu ya kisheria ya Jerry kuingia nyumba ile, na baadaye yeye ndo anayemsaliti Lucy na ile kofia. Kiumbe kimoja, kazi mbili kubwa.

Kilichofeli

Mtumishi wa Armand ni Mjapani ambaye kazi yake kwenye muvi ni kupigana mieleka mlangoni na Jerry ili tucheke. Hana kingine. Mtazamaji wa leo, hasa sisi ambao tumezoea kuona wenzetu wakiwekwa kwenye muvi za watu kama fanicha, hatuwezi kulipita.

Hela nayo. Ni 1937, Marekani bado iko kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi, na hawa watu talaka yao haina hata swali la nani atalipa kodi ya nyumba. Inaeleweka kwa nini watazamaji wa wakati ule walipenda kuangalia magauni, ila ukiiga muundo huu Dar au Mombasa bila kugusa hela, mahari, na ndugu waliokaa sebuleni wanasubiri kikao, hadithi haitasimama. Kwetu shangazi Patsy sio mmoja, wako saba na kila mmoja ana msimamo.

Njia ya McCarey yenyewe sio ya kuigwa kichwa kichwa. Ilifanya kazi kwa sababu alikuwa na miaka mingi ya vichekesho mkononi na waigizaji wawili wenye kipaji cha ajabu, na bado mmoja alitaka kulipa hela akimbie. Dairekta mchanga anayekuja seti bila skripti akisema anafuata McCarey anawatesa watu bure. Kinachoweza kuchukuliwa ni kipindi cha mazoezi, siku chache kabla ya kamera, waigizaji wapewe hali wacheze, mwandishi akae pembeni aandike watakachokipata.

Lakini kasoro inayonisumbua zaidi ni ya hadithi, na iko dakika za mwanzo kabisa. Lucy anahangaika muvi nzima kuthibitisha kwamba usiku mmoja hakufanya kitu. Anaita shahidi, anapoteza mchumba, anajidhalilisha kwenye sebule ya watu. Jerry alikuwa wapi zile wiki mbili? Hatuambiwi. Lucy anarusha chungwa, anajua kabisa amedanganywa, na swali linafia hapo hapo. Siku 90 zinapita, hakuna anayemuuliza tena, si shangazi, si hakimu, si Lucy mwenyewe. Kuficha ukweli wa usiku wa Lucy ni uamuzi wa makusudi na unazaa kitu, unamlazimisha Jerry aamini. Kuficha wiki mbili za Jerry hakuzai chochote, kwa sababu hakuna anayetakiwa kuamini, imechukuliwa tu kwamba mwanaume ana zake. Ingetosha sentensi moja kwenye ule mlango wa usiku wa mwisho, Lucy aulize Florida ilikuwaje, Jerry abaki na jambo la kujibu. Nafasi ilikuwepo, waigizaji walikuwepo, dairekta alikuwa anabuni kila asubuhi. Anayeandika kisa cha kurudiana leo aandike hiyo sentensi, na aandike na jibu lake.